Kisu cha Baba ni Kikubwa kwa Mkono Wangu

Mama Mkubwa Inggá, shikamoo. Mama yangu husoma ukurasa wako wa ushauri gazetini kabla ya habari nyingine zote, kwa hiyo huenda akanitambua, lakini nimefikiri sana nikaona afadhali anitambue hapa kuliko niendelee kula naye meza moja nikiwa na uongo mdomoni. Nina miaka kumi na tano, na ninaomba unishauri ni kisu gani nivae kiunoni, na ukiona swali langu ni dogo tafadhali nisomee mpaka mwisho.

Baba yangu, Niillas, alikufa mwezi wa Novemba, pikipiki ya theluji ilipovunja barafu ikazama naye katika ziwa alilokuwa akilivuka tangu utotoni. Kama wafugaji wengi wa kulungu wa theluji hapa kwetu kaskazini, alivaa visu viwili kwenye mkanda mmoja, kikubwa cha kukatia matawi na kupasulia mifupa, na kidogo cha kazi za vidole, hasa kutia alama masikio ya ndama. Walipomtoa, kikubwa kilikuwa mahali pake na ala ya kile kidogo ilikuwa tupu. Baba Mdogo Heaika alisema kwenye ukingo wa barafu kulikuwa na mikwaruzo mingi ya ncha ya kisu. Kikubwa nilipewa mimi kwa kuwa ndimi mtoto wa kwanza, na tangu mazishi nakivaa kila siku, nikienda kuni, nikienda kuvua samaki, hata nikienda kuchota maji, ijapokuwa mpini wake ni mnene kiasi kwamba vidole vyangu havikutani, na ubapa wake unapita urefu wa mkono wangu kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za vidole.

Julai tulikusanya mifugo kutia alama. Kila mtu wa familia ana alama yake ya kuonyesha mnyama ni wake, aliyopewa alipozaliwa, na ya mdogo wangu Sunná, ambaye ana miaka sita, inafanana na ya Baba isipokuwa kwa jambo moja tu, kwamba ncha ya sikio la kushoto kwenye alama ya Baba hukatwa ikanyooka, na kwenye ya Sunná huchanwa katikati ikawa kama mkia wa mbayuwayu. Mwaka huu Sunná alipata ndama mmoja, jike, wa rangi ya maziwa, na aliniomba nimkatie mimi.

Nilipochomoa kisu, binamu yangu Máijá alicheka. "Wee Rávdná, hicho ni kisu au upanga? Unatia alama au unachinja?"

"Nyamaza, shika miguu," nikamwambia.

Baba Mdogo akaninyooshea mpini wa kisu chake kidogo. "Chukua hiki, mwanangu. Hicho cha baba yako si cha masikio."

"Naweza na hiki," nikasema. Niliona nikipokea chake nitakuwa nimemvua Baba mkanda mbele ya watu wote. Basi nikambana ndama kwa magoti, nikashika sikio la kushoto, na kisu kikanishinda, kikateleza, ncha yote ikaondoka mara moja, imenyooka kama iliyokatwa kwa rula, na ndama wa Sunná akawa na alama ya Baba.

Watu waliokuwa karibu walisogea kutazama. Baada ya mazishi tulikuwa tumekubaliana alama hiyo isikatwe tena mpaka ukoo ukae na kuamua. Baba Mdogo akaniuliza taratibu, "Rávdná, umefanya nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Nimemkumbuka Baba." Akavua kofia. Mama akaja akanikumbatia akalia, yeye ambaye hakulia hata kanisani, na wazee wakasema huyu mtoto amelelewa, na hakuna aliyejua kwamba mkono wangu ulishindwa tu.

Sunná akanivuta koti. "Kwa hiyo huyu ni wa Baba?"

"Ndiyo."

"Basi atakuja kumwangalia. Baba hawezi kumwacha ndama wake peke yake wakati wa baridi."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi anauliza kama barafu imeanza kushika, kwa sababu amejipangia mwenyewe kwamba Baba aliondoka kwa njia ya ziwa na atarudi kwa njia hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu tutakusanya mifugo tena, mkusanyo wa vuli kabla ya baridi, na Baba Mdogo ameshawaambia watu kwamba ndama waliobaki nitawatia alama mimi, kwa kisu cha Baba. Mama ameona dukani kisu kidogo chenye mpini mwekundu wa mpira, akasema kinauenea mkono wangu, na Máijá anakiita kisu cha fundi bomba. Mama Mkubwa, nachagua kipi? Na je, mtu anaweza kuvaa kisu kingine bila kumzika baba yake mara ya pili? Nataka kuwa mfugaji, walimu wanasema nina bidii, na naamini nikianza vizuri naweza kuwa mfugaji mzuri.

Rávdná

*

Marahaba, Rávdná. Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikilia na mara ya pili nikiwa nimekasirika, kwa hiyo utapata majibu ya aina zote mbili.

Tuanze na kisu, maana hicho ni chepesi. Cha baba yako usikivae tena kiunoni. Kisu ambacho vidole vyako havikutani kwenye mpini wake hakikutii. Leo kimekata sikio la ndama vibaya, kesho kitaingia pajani mwako ukiwa peke yako huko nyikani. Kiweke penye kuni. Pasulia kuni, katia matawi ya kulalia. Hiyo ndiyo kazi aliyokipa baba yako. Wewe umekilazimisha kufanya kazi ya kile kidogo kilichozama, na hakiwezi.

Chako kiwe na ubapa usiozidi upana wa kiganja chako, mwembamba, wenye ncha unayoiona unapokata. Mafundi watakuambia chuma cha kizamani hunoleka upesi, na ni kweli, lakini ukikisahau na damu siku moja tu kinashika kutu, na wewe bado unajifunza. Chukua kisichoshika kutu, kisha kinoe kabla hakijawa butu. Cha kukunja usikiguse. Theluji huganda kwenye bawaba, na huwezi kukifungua kwa glavu huku mkono mwingine umeshika mnyama. Mpini uwe wa mti au mpira, kamwe usiwe chuma kitupu, ngozi itagandia kwa baridi na utaiacha hapo. Ala iwe ndefu, imeze nusu ya mpini, ili ukianguka kisu kibaki nawe. Nenda dukani na glavu zako za baridi, kishike, kifumbate, kigeuze. Muuzaji akinuna, anune.

Huo mpini mwekundu aliouona mama yako ni mzuri. Chekundu huonekana kwenye theluji. Changu ni cha njano, nimekivaa miaka kumi na moja. Máijá akikucheka, mwulize ni visu vingapi vya mpini wa pembe amevipoteza tangu apate mkanda.

Na kisu chochote utakachochagua, usikitegemee kwenye barafu. Vaa shingoni ile misumari miwili ya kuchoma barafu na kujivutia juu ukitumbukia, kila safari, hata ziwa ukiwa unalijua. Hili nakuambia kwa sauti ya chini, kwa sababu ya baba yako.

Sasa huo uongo. Kukosea sikio si dhambi. Mimi nilimtia ndama wa jirani alama yangu nikiwa na miaka thelathini, mchana kweupe, na mume wangu alinisimanga mpaka Krismasi. Kosa lako ni kwamba mtu mzima alikupa kisu kinachofaa ukakikataa, kisha ukawaacha watu wavue kofia kwa jambo ambalo halikutokea. Jibu hili nakutumia wewe kwanza, kabla halijachapwa; mwambie mama yako leo, kabla gazeti halijamfikia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa hayo usimwombe radhi. Omba radhi kwa maneno yako. Kisha mwende wote wawili kwa Baba Mdogo. Atakasirika kidogo, halafu atakunolea kisu kipya, namjua mtu wa namna hiyo.

Ncha iliyokatwa ikanyooka bado inaweza kuchanwa. Kufikia vuli sikio la ndama huwa limekua, nafasi ipo. Alama haibadilishwi kimyakimya, kwa hiyo awepo msimamizi wa malisho na mashahidi wawili, mseme wazi kilichotokea. Najua unachokiogopa. Unaogopa kwamba ukilichana sikio lile utakuwa unamwondoa baba yako kwa ndama wa mwisho aliyepata alama yake. Ndiyo, Rávdná. Ndivyo itakavyokuwa, na itauma.

Amebaki Sunná. Msimwambie Baba amelala, wala amesafiri. Wewe na mama yako mpelekeni ziwani kabla halijaganda, mkae naye, mmwambie kwamba Baba alikufa hapa, na barafu ikishika au isiposhika hatarudi. Ataelewa nusu. Nusu nyingine ataielewa zizini, kwa hiyo siku ya kulichana sikio msimfiche ndani na biskuti. Amshike yeye mwenyewe ndama wake shingoni, na wewe ukate, kwa kisu kidogo, polepole. Atakuuliza tena kama huyu ni wa Baba. Usimtazame mama yako, usimtazame Baba Mdogo. Mjibu hapohapo: "Hapana, Sunná. Ni wako."