Kitanda cha Echata

Jumatatu, 11 Agosti 1997. Moroni
Napiga msasa tangu asubuhi. Kitanda cha kuzalishia sasa kinashuka kwa jeki hadi usawa wa kiti cha magurudumu cha hapa hospitalini. Miezi saba ya barua na Echata, mshonaji wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, aliyepooza miguu tangu utotoni. Yeye hueleza linalomkera kwenye vyombo vya hospitali, mimi nachomelea, mkunga Fatima anajaribu huko kwao.

Uzazi wa kwanza, wapagazi wanne walimnyanyua Echata hadi kitanda kilichoinuka juu, nguo zimempanda. Wakamwangusha. Mtoto hakuishi. Sasa ana mimba ya miezi tisa na ameapa: asipopanda mwenyewe, atazalia nyumbani peke yake.

Redio inasema Nzwani, kisiwa chao, imejitenga nasi. Mwezi mmoja tu wasingeweza kungoja?

Alhamisi, 14 Agosti
Simu ya Mutsamudu imekufa. Meli haziendi. Nimemgombeza kila aliyenikaribia. Naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti
Nahodha mmoja bandari ya zamani amekubali kunichukua. Askari akaona mabomba ya kitanda nilichokifungua, akaninyooshea bunduki. Alidhani silaha. Nikakiunga kitanda chote mbele yake, skrubu moja moja, jua la utosi, kisha nikalala juu yake nikatanua miguu. Akacheka mpaka akashika tumbo. Nikapita.

Jumapili, 17 Agosti. Mutsamudu
Bunduki tena, za upande wa pili. "Mngazija, umefuata nini kwetu?" Fatima, aliyeitwa na wavuvi wa ufukweni, akanitangulia kujibu: "Amemfuata mzazi. Tupishe, mwanangu."

Jumatatu, 18 Agosti
Aibu.

Echata alikuja kliniki kama anavyokwenda siku zote: anajikokota kwa mikono, kandambili viganjani. Akakitazama kitanda. Kinamfika kidevuni. "Fundi, vichochoro hivi ni ngazi tupu. Kiti cha magurudumu kitapita wapi?"

Nilimuuliza upana, mishikio, ugumu wa godoro. Sikumuuliza anatembeaje. Yeye alidhani najua, mimi nilidhani kila asiyetembea ana kiti. Mjinga mkubwa. Aligeuka akaenda zake bila kuaga.

Jumanne, 19 Agosti
Umeme hakuna, kuchomelea haiwezekani. Nimekata miguu ya kitanda kwa msumeno wa mkono, jeki nikaitupa pembeni. Kilichobaki kinazidi mkeka kidogo tu. Fatima akapiga magoti kujaribu kama ataweza kuzalishia chini hivyo. Anasema magoti yake yamezoea swala.

Nilikwenda kwa Echata, nikamwomba radhi nikiwa mlangoni na kumweleza nilichofanya. Akaendelea kushona. Risasi zinasikika upande wa Patsy.

Alhamisi, 21 Agosti
Uchungu umemshika. Nilijua amekuja nilipozisikia kandambili kwenye mawe. Hakunitazama. Wanawake wamenifukuza nikae nje, na ndiyo adabu. Milio mjini tangu adhuhuri. Sijui kinachoendelea ndani. Ee Mola, asianguke.

Ijumaa, 22 Agosti
Mtoto wa kike. Echata alipanda mwenyewe, asema Fatima, na hakuna aliyemgusa ila yeye mkunga.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeruhusiwa kuingia. Kusimama mbele yake niliona vibaya, nikakaa sakafuni. Akaniwekea mtoto mapajani. Mimi na Echata tukatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza.