Moshi wa Buluu Uani

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima, isipokuwa gari ulilotuachia. Wiki mbili kabla ya siku yangu ya kuripoti kazi mpya huko mbali, lilianza kutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu. Fundi akasema turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inavuja oili. Nikaifungua mwenyewe hapa uani, nikabadilisha gasketi, lakini moshi ukazidi. Nilichanganyikiwa hadi nikawa naongea na bolti.

Jana nikapapasa ndani ya bomba la moshi, nikavuta kitambaa kilichoungua. Kumbe ndicho kilichoziba njia na kusukuma oili nje! Kilikuwa kipande cha pazia la chumbani kwa Mama.

Nikampelekea. Hakukana. “Kaka yako naye alisema anakwenda miezi mitatu tu,” akasema. “Huu mwaka wa sita.”

Nilitaka kukasirika, nikajikuta namshika mkono.

Leo ndiyo siku ya kuripoti. Mama amenifungia begi, akalifungua, akalifunga tena. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye usukani. Injini inanguruma vizuri, Kaka, na sijui kama niondoke au niizime.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa mwisho