Madam Melimeli wa Misri

Nasra, shoga yangu,

Nilikuja. Sijui kama wafu huambiwa nani alikuja na nani hakuja, kwa hiyo nakwambia mwenyewe. Siku ya pili ya msiba mpwa wangu alinichukua kwa gari kutoka Ibra, tukafika Nizwa kabla ya adhuhuri. Nilikaa upande wa wanawake, karibu na mlango, pahala pa jirani wa zamani. Ndivyo ulivyokuwa ukiniita mbele za watu, nami sikutaka kukukadhibisha nyumbani kwako siku ile.

Kikombe cha kahawa kilikuwa mkononi nilipomsikia mwanamke mmoja wa Izki akiuliza nani atawashonea mabibi harusi sasa. Walisema Kiarabu, nakuandikia kwa lugha yetu.

"Hakuna tena. Marehemu alifundishwa Misri na Madam Melimeli."

"Melimeli? Jina la Kifaransa hilo."

"Mama yake ndiye Mfaransa. Baba Mmisri."

"Yu hai bado?"

"Ajuza sasa, maskini. Mungu amhifadhi."

Wakaitikia amina. Nami nikaitikia, maana ulimi ulitangulia akili.

Nasra, melimeli ni kitambaa. Ni ile pamba nyembamba ambayo mama zetu Unguja wakiwashonea watoto wachanga, ukiinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Hapa wanaiita kwa jina jingine, ndiyo maana uliweza kulichukua neno letu, ukalivisha kofia na viatu, ukalipa baba na mama na nyumba Misri. Wewe Misri hujapata kuiona. Aliyekufundisha lile gauni la harusi lililokupa sifa ni mimi, barazani kwangu Ibra, na kitambaa cha kwanza kilikuwa melimeli.

Unakumbuka? Miaka ya sabini ilikuwa michanga, sote wawili tumetoka Unguja, wageni katika nchi hii ya Kiarabu ya babu zetu, wakitucheka kwa Kiarabu chetu. Ulikuwa ukija baada ya alasiri na charahani yako ya mkono kichwani, mimi nakusimulia habari za kile kitabu kikubwa cha picha nilichokuwa nikikifungua kila siku nilipofanya kazi maktaba, Unguja. Habari za wanawake wa Paris waliokuwa wakicheza dansi jukwaani, karne ya kumi na tisa. Kabla yao wanawake walicheza na magauni mazito, visigino chini. Kisha ikaja zama ya watu kupenda ndoto na vizuka na mapenzi yanayoua, na nguo ikabidi ifuate. Wakavishwa sketi nyeupe za melimeli, tabaka juu ya tabaka, zikikomea nusu ya muundi ili miguu ionekane. Kiwiliwili kimebana, mabega wazi, vibawa vidogo mgongoni. Wakasimama kwa ncha za vidole, na viatu vya hariri walivyovitia uzi wenyewe kwenye ncha visipasuke, ili mtazamaji aone kuwa hawakanyagi chini.

"Ni majini hao au wanawake?" uliniuliza.

"Wanawake wanaojifanya majini. Wasichana waliovunjwa moyo wakafa, wanarudi kucheza."

"Kumbe hata Wazungu wana ngoma ya pepo," ukasema, tukacheka mpaka mume wangu akakohoa ndani.

Nikakueleza pia habari za moto. Jukwaa liliwashwa kwa taa za gesi, sketi zile zikishika moto kama karatasi. Ilikuwako dawa ya kuchovya nguo isiungue, lakini iliufanya weupe kuwa manjano, na wako waliokataa kuitia wakaungua. Ulisonya. "Wapumbavu. Nguo na roho?"

Nilikuchorea sketi ile kwenye karatasi ya kufungia vitu vya dukani, ukaishona siku ileile, ukaishusha mpaka chini ili mabibi harusi wetu waweze kuivaa. Mkono ulikuwa wako, sikatai. Mimi sindano yangu ilikuwa ya kawaida tu. Lakini siri ya kusimama kwake niliifikiria mimi, kwa kuzitazama picha miaka mingi: tabaka za ndani zitiwe wanga, kila moja fupi kuliko iliyo juu yake, na ya juu kabisa isitiwe hata kidogo, ili bibi harusi akipiga hatua ile ya juu ichelewe nyuma yake kama moshi.

Kisha mume wako akakuhamishia Nizwa, ukafungua duka. Nilikuja mara moja, unajua. Nikakuamkia kwa sauti, kama kwetu. Ukanijibu kwa Kiarabu, ukawaambia wateja, "Huyu bibi alikuwa jirani yetu Ibra," na uliponipitia karibu ukanong'ona, "Shoga, hapa usiseme Kiswahili, wananipima." Nilikuonea huruma. Nilijua unavyoogopa kuitwa Mzinjibari, mtu wa kuja kutoka Unguja. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kuwa una kazi nyingi. Kumbe khofu ile ilikuwa na pahala pa kunificha mimi, na ilikuwa imekwisha kunitafutia badali huko Misri.

Pale msibani dada yako alisimama akaomba: mwenye haki yake kwa marehemu amsamehe. Wanawake wote wakasema, "Tumemsamehe." Mimi nilifumba mdomo. Nilijaribu, wallahi. Neno lilifika kwenye meno likarudi.

Baada ya siku chache Raya wako alikuja Ibra kwangu na gauni ambalo hukulimaliza. Binti yako ana adabu, aliniamkia shikamoo, kwa kile Kiswahili chake cha kuokota kwako jikoni.

"Khalti, kitu hii haisimami. Mimi natia wanga, natia wanga, imekuwa kama bati."

Alikuwa ameitia wanga mpaka ile ya juu. Nikamwonesha. Alikaa na melimeli mapajani akiniangalia mikono, kisha akauliza kama ninayo anwani ya Madam Melimeli, ampelekee khabari ya msiba.

Ningeweza kusema bibi yule amekwisha kufa. Ungefurahi. Ningekuwa nimejizika pamoja nawe.

"Umempakata, mwanangu," nikamwambia.

Akatazama kitambaa, akanitazama mimi. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza hapa. Hakulia. Aliuliza, "Mama kwa nini amesema hivi?" Nikamjibu kuwa ulikuwa na khofu. Ni kweli, na ni nusu yake. Nusu ya pili sikuweza kumwambia mtoto: kwamba kumtukuza bibi ambaye hayuko kulikuwa rahisi kwako kuliko kumtaja rafiki yako aliye hai.

Jana nilikwenda naye Nizwa bibi harusi ajipime. Gauni lilisimama, na ya juu ikachelewa nyuma yake kama inavyotakiwa. Mama wa bibi harusi akalizunguka, akashika pindo, akauliza, "Hii ni kata ya Madam Melimeli?"

Raya akaniangalia. Nikamngojea. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mgongo, mwanamke mzima wa umri wangu, kama mtoto wa chuo anayesubiri jina lake liitwe.

"Naam," akasema. "Ya Madam Melimeli."

Ni damu yako, Nasra.

Nimemwambia Raya kuwa gauni hili nitalimaliza, kwani bibi harusi hana kosa. Baada ya hapo, akitaka kujifunza aje Ibra, barazani, mlango wazi, na tutasema Kiswahili. Akija nitamfundisha mpaka ajue. Asipokuja, wako wasichana mtaani wenye vidole vizuri, na kila mmoja wao atajua kata ile ilitoka kwa nani, na atajua pia kuwa aliyeishona kwanza alikuwa Nasra, na kwamba hajatokea fundi mfano wake. Hilo nakuahidi. Sitakufanyia ulilonifanyia.

Lala salama, shoga yangu. Msamaha siuwezi bado, dua naiweza. Kila baada ya sala nakuombea rehema, kwa jina lako na la mama yako, sikosei hata herufi.

Ni mimi,
Asya binti Khalfan