Maji ya Matanga

Lodwar, Jumamosi. Jua kali, na upepo unaotia mchanga hadi kwenye chai. Sina hamu ya chochote.

Jana, kabla sijatoka kazini kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, majibu ya damu ya Furaha yalifika kutoka Nairobi. Ni homa ya dengi. Furaha mwenyewe tulimzika wiki mbili zilizopita. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mimi ni muuguzi. Huku kwetu homa ikija, mkono unaenda wenyewe kwenye kipimo cha malaria. Kipimo kilisema hana. Alikuwa analia kwa maumivu ya viungo, nikamdunga sindano ya maumivu, nikamwambia alale ndani ya neti. Siku ya tatu fizi zikaanza kutoka damu.

Sindano ile haifai kwa mwenye dengi, inazidisha kuvuja damu. Ningependa kuandika kwamba sikujua. Nilifundishwa chuoni, nikasahau, maana miaka yote sikuwahi kuiona dengi. Mwaka jana nilihudhuria hata semina ya kujiandaa na milipuko. Ninachokumbuka ni biskuti.

Nilimpelekea mama yake majibu. Mama Furaha ni Mkongo, amebaki na binti mmoja, Neema. Nikamweleza kwamba mbu anayeeneza dengi huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotulia. Uani kulikuwa na mapipa matatu wazi, yamejaa pomoni. Mfiwa hapangi foleni bombani, kwa hiyo majirani walikuwa wamemletea maji, kila mmoja jerikeni yake, na wengine walikosa ya kupikia siku hiyo. Nikachungulia. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapanda na kushuka.

Nikamwambia ayamwage.

"Dada, nilishazika mtoto. Sasa na mayi ya matanga nimwange?"

Alimtazama Neema, aliyekuwa akiosha vyombo hapo hapo, kisha akashika ukingo wa pipa la kwanza, akaniita nimsaidie. Tuliyainamisha yote matatu. Majirani walisimama wakitazama.

Tulipomaliza alinishika mikono yote miwili. "Aksanti, dada. Wewe ulimuhangaikia mtoto wangu."

Nikaitikia.

Habari ya sindano sikumwambia. Nimekuja nayo hadi hapa Lodwar, na mama yangu ameniuliza mara mbili kwa nini sili. Jumatatu narudi Kakuma, na kwake nitapita kabla ya kwenda kazini. Ataishika tena mikono hii?