Mama Alimshukuru Kaka

Alhamisi, Buhongwa

Na bado anayepongezwa ni yeye.

Juzi asubuhi mama alikuwa anacheka kitandani hospitalini, anaomba uji. Walikuwa wamemkata kipande cha utumbo na kuuunga, na sote tuliamini amepona. Kisha daktari mmoja wa kike akaja na majibu ya damu.

"Kipimo cha maambukizi kimepanda badala ya kushuka," akasema. "Nahofia mshono wa ndani unavuja. Tumrudishe thieta kabla hajazidiwa."

Kaka Deo akawaka. "Homa hana, tumbo haliumi, mnataka kumfungua tena kwa sababu ya karatasi? Mama yetu si wa kujifunzia!" Akatoka, akabamiza mlango.

Niliogopa. Kwetu mdogo hampiti kaka, tena mimi mwanamke. Nikamuuliza mama mwenyewe. "Mtakavyoona wanangu," akasema. Nikamwambia daktari ampeleke.

Kweli, mshono ulikuwa umeanza kuvuja. Daktari alisema tungengoja homa, tungechelewa.

Leo mama amepata nguvu ya kuongea. Kaka alikuwa kwenye simu na ndugu wa Bukoba: "Niliamua arudishwe haraka. Mambo ya mama sifanyii mchezo." Mama akamshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Bila wewe ningekufa."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika beseni la matapishi. Nilitaka kusema, lakini mama alikuwa anatabasamu, na hali yake bado…

Kaka akanigeukia. "Kamwage hilo, linanuka."

Nikaenda kumwaga.