Kwa Nini Nawataja Mmoja Mmoja

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mandawa hatujambo, mikorosho imetoa maua. Umeuliza kwa nini salamu zangu kwenye simu zina majina mengi.

Nilipokuwa sekondari niliwaandikia barua majirani wasiojua kuandika. Bibi Somoe alinitajia kwa Kimwera watu kumi na mmoja wanaomsalimu mwanawe Dar. Nikaona uvivu, nikaandika kwa Kiswahili: "Wote wanakusalimu."

Baadaye mwanawe akashuka basi analia. "Baba kafa lini? Mbona hamkumtaja?"

Baba yake alikuwa shamba, anapalilia ufuta.

Bibi Somoe akaniuliza, "Hukumwandika baba yake?"

Nikasema nilimwandika.

Akamgeukia mwanawe. "Dar imekusahaulisha kusoma, wewe."

Aibu ya uongo huo ninayo mpaka leo.

Babu yako anakusalimu. Shangazi Fatu anakusalimu. Mjomba Hamisi anakusalimu. Wazima.

Bibi yako