Baba Ameudai Mkasi Wake

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Soko.
9 Juni

Mpendwa kaka Ngongoti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko, na baridi inakutendaje? Natumaini unakula vizuri wala hujazidi kurefuka. Sisi tu wazima, goti la Mama limetulia, na mimi bado naongea kama chiriku, kwa hiyo vuta kiti.

Uliniuliza kwenye simu kama ukate tiketi uje kumuaga Baba, nikashindwa kukujibu. Leo nitakujibu, ila uniache nianzie mbali kidogo.

Dawa za mapafu na za moyo alikuwa anameza zote. Kilichotutisha ni kwamba aliacha kushona. Alishinda kwenye kiti cha dirishani, ameshika tama, cherehani imefunikwa shuka. Pumzi ikimpanda kidogo anadhani ndiyo safari, moyo unakwenda mbio, na kifua kinazidi kubana. Kisha siku moja akamwita jirani yetu, fundi wa mapazia, akampa mkasi wake. Mkasi ule, kaka! Ule tuliochapwa kwa kukatia karatasi. Mama aliingia jikoni akalia, nami nikalia naye.

Tulipompeleka kliniki nilimweleza muuguzi habari ya mkasi. Alimgeukia Baba akamuuliza, "Mzee, unaogopa?"

Baba akang'aka, "Mimi naumwa kifua, sina wazimu!"

Yule dada hakukasirika. Alisema wengi wenye mapafu na moyo kama wake huingiwa na hofu na huzuni, kwamba hayo nayo ni maradhi na yana tiba, wala si aibu. Akampangia kuonana na mshauri, tena akamwingiza kwenye kikundi cha wagonjwa wenzake. Baba alinuna njia nzima.

Lakini alikwenda. Huko yuko mzee mmoja wa moyo, dereva wa malori mstaafu, wanamwita Breki. Breki alisema mbele ya watu kwamba anaogopa kuoga akiwa amefunga mlango, asije akaanguka humo peke yake. Baba aliporudi akamwambia Mama, "Kumbe tuko wengi." Na sisi muda wote huo tulidhani Baba ana uvivu wa kuoga!

Huko wanafundishwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, kama unayepooza chai. Baba ilimshinda, akawa anapaparika. Basi asubuhi moja akafunua cherehani, akakaa, akaanza kukanyaga bila uzi wala kitambaa. Anakanyaga kidogo akivuta, anakanyaga sana akitoa. Mama akanivuta mkono: "Njoo uone, baba yako anashona hewa!" Tulicheka mpaka naye akacheka, na kile kicheko hakikumkaba. Baada ya siku chache aliweka foronya chini ya sindano. Pindo lilikwenda upande, lakini nalalia hiyo hiyo.

Sitakudanganya, kaka, mapafu ni yale yale. Ziko siku anarudi dirishani. Ila sasa anatuambia, "Leo hofu imekuja," nasi tunakaa naye mpaka impite.

Juzi alitoka mwenyewe, akapumzika njiani kwenye benchi la mshona viatu, akafika kwa fundi wa mapazia na kudai mkasi.

"Mzee, si ulinipa?"

"Nilikuwa naumwa nilipokupa. Lete."

Jirani akautoa kabatini, umeviringishwa kitambaa vile vile alivyopewa. Hakuwa ameukatia hata uzi. Nilitamani kumkumbatia.

Sasa jibu lako. Kata tiketi, kaka, uje, lakini si kuaga. Baba amekukatia koti. Kiwiliwili ameshaunga, mikono ameiacha, maana anasema hiyo yako haiaminiki mpaka usimame mbele yake akupime kwa futi.

Mama anakusalimu sana, shangazi pia, na fundi wa mapazia anakuonya usikizoee kitu ulichopewa na Baba, atakuja kukidai. Msalimie shemeji na watoto. Mungu akulindie pumzi yako na usingizi wako, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada yako Chiriku

Nyongeza: Baba amechungulia hapa. Anasema usije mbio mbio. Siku hizi anashona polepole, na haendi popote.